Samahani isiyo na namba: kosa la 1991 bado tunalirudia

Mwaka jana niliandikia chama cha mamangu kaprogramu kadogo ka kurekodi michango. Wiki ya tatu, mama mmoja akatuma pesa zake, simu ikamwonyesha alama ya kijani, lakini kwa rekodi hakukuwa na kitu. Kwenye mkutano akaambiwa mbele ya wenzake kwamba hajalipa. Na alikuwa amelipa. Kosa lilikuwa langu, na nilipolifuatilia nikapata limenizidi umri.

Turudi nyuma kidogo. Mwaka 1991 huko CERN, Uswisi, Tim Berners-Lee alieleza HTTP ya kwanza. Ombi lilikuwa mstari mmoja tu: neno GET na anwani. Jibu lilikuwa ukurasa. Na kukiwa na shida? Seva ilituma ukurasa vilevile, wenye maneno ya kueleza shida. Maelezo yale yenyewe yalikiri kwamba huwezi kutofautisha jibu zuri na baya mpaka usome maneno. Sawa kwa binadamu, lakini mashine itasomaje?

Ndiyo maana HTTP 1.0, iliyochapishwa rasmi 1996, ilikuja na namba. 200: mambo sawa. Za 400: aliyeomba amekosea. Za 500: seva ndiyo imekosea. Kwangu hiyo ni adabu; kila mtu anabeba mzigo wake.

Sasa njoo 2010. Tarehe 1 Aprili, siku ya wajinga, Armin Ronacher wa Austria alitoa fremuweki ya faili moja, akaiita Denied. Ilikuwa mzaha, lakini watu wakaichukulia kwa uzito. Mwezi huohuo akatoa Flask, hata jina lake likiwa utani kwa Bottle, iliyotangulia mwaka mmoja. Raha yake ni wepesi: anwani moja, fanksheni moja ya kuijibu, basi. Fanksheni hiyo ndiyo wanaiita vyu.

Lakini wepesi una bei. Vyu ikirudisha maneno matupu, Flask inayabandika 200. Mimi nilikuwa nimedaka kila kosa nikarudisha "Samahani, kuna hitilafu", bila namba. Simu haisomi samahani, inasoma 200. Ikaweka alama ya kijani. Yaani mwaka 2010 walinipa kifaa kizuri, nikakitumia kurudi 1991!

Kinachoniuma zaidi? Ningeacha lile kosa bila kulidaka, Flask yenyewe ingetuma 500, na simu ingejua. Ustaarabu wangu ndio ulidanganya.

Siku hizi makosa yote nayashughulikia mahali pamoja kwa errorhandler: naandika kwenye logi kilichotokea, natuma maneno ya heshima, na namba ya kweli. Kisha nilienda kwa yule mama, nikamwomba radhi mbele ya walewale waliomsikia akiaibishwa.

Wewe unayejenga, hebu fungua kazi yako leo. Samahani zako zina namba gani?