Mtoto wa Carama na mwalimu asiyesikia

Juma lililopita mama mmoja alituletea swali: "Mwanangu hasikii. Shule ya hapa kambini imempokea, lakini anakaa tu. Huyo mwalimu wa kumfundisha anasomea wapi?" Mama, leo nakujibu kwa historia, maana jibu lenyewe limeanza zamani.

Nianze nyumbani. Nilikulia Carama, kaskazini mwa Bujumbura, upande wa Kinama. Jirani yetu alikuwa na mvulana kiziwi, rika langu. Tulicheza naye mpira wa matambara na kuelewana kwa vidole: wewe kaa golini, yule anatudanganya. Kuhesabu faranga alinishinda. Baba yake alimpeleka shule, akarudishwa siku ileile. Walisema hawana mwalimu wake. Hawakusema uongo, na ndilo linaloniuma mpaka leo. Asubuhi sisi tukipita na madaftari, yeye alisimama mlangoni kwao akitutazama mpaka tupinde kona.

Sasa sikia habari za mtu mwingine. Andrew Foster alizaliwa mwaka 1925 huko Alabama, Marekani. Akiwa na miaka 11 aliugua homa ya uti wa mgongo, akapoteza kusikia. Na alikuwa Mweusi, mahali ambapo watoto Weusi walitengwa na Weupe hata shuleni. Mwaka 1954 akawa Mweusi wa kwanza kupata shahada katika Gallaudet, chuo cha viziwi cha Washington. Hakuishia hapo. Alisoma shahada ya uzamili ya elimu huko Michigan, kisha akaongeza nyingine Seattle.

Mwaka 1957 alifika Accra, Ghana, kama mmisionari, akaanzisha shule ya viziwi. Kuanzia hapo hakutulia: alisaidia kuanzisha shule 32 katika nchi 13 za Afrika, na Burundi yetu imo. Huko Ibadan, Nigeria, aliwakusanya vijana viziwi kutoka nchi mbalimbali akawafundisha ualimu, warudi kwao wakafundishe. Hapo ndipo uone kazi ya uzamili. Mwenye diploma hufundisha darasa lake. Aliyesoma zaidi huandaa walimu wa madarasa mia. Foster alikufa Desemba 1987 katika ajali ya ndege nchini Rwanda, karibu kabisa na kwetu.

Shule zake zilikuwa za viziwi peke yao. Juni 1994, wajumbe wa serikali 92 walikutana Salamanca, Hispania, wakasema mtoto mwenye ulemavu asome katika shule ya mtaani kwake, na shule ndiyo ijirekebishe. Hiyo ndiyo elimu jumuishi. Burundi iliridhia mkataba wa haki za watu wenye ulemavu mwaka 2014, na Januari 2018 ikatunga sheria yake. Ni vizuri. Lakini sheria haijui lugha ya alama. Kumweka kiziwi katikati ya watoto themanini bila mtu wa kuzungumza naye, mimi siiti jumuishi.

Walimu hao wanasomea wapi? Kenya ilianzisha taasisi yake ya elimu maalumu mwaka 1986 kwa msaada wa Denmark, na Chuo Kikuu cha Kenyatta kinafundisha fani hiyo mpaka uzamili. Uganda kuna Kyambogo. Njia ni ndefu: diploma ya sekondari, kisha lisansi, yaani shahada ya kwanza, ndipo uzamili. Ufadhili wa DAFI, ambao Ujerumani na UNHCR waliuanzisha mwaka 1992, umesomesha wakimbizi wengi, lakini ni wa shahada ya kwanza. Kwa uzamili itabidi utafute ufadhili mwingine. Na mtu akikuomba pesa ili aandike jina lako kwenye orodha ya UNHCR, mkatalie. Huduma zao ni za bure.

Mimi nimefika sekondari tu. Diploma yangu ilivuka mpaka ndani ya mfuko wa sukari, ikalowa pembe moja, lakini jina linasomeka. Yako iko wapi? Itafute leo usiku, uifunge kwenye nailoni.

Mama mwenye swali, usingoje hao wa uzamili. Kesho mwombe mwalimu amketishe mwanao mbele, amtazame usoni anaposema, asiongee akiwa ameelekea ubao, na maneno mapya ayaandike. Waulize pia majirani: kiziwi mzima anayejua lugha ya alama, hata kama hakumaliza shule, ni mwalimu mkubwa kwa mtoto huyo. Watoto wenzake wataishika lugha hiyo haraka kuliko sisi wakubwa.

Nina ombi moja. Yule rafiki yangu wa Carama nilimwona mara ya mwisho mwaka 2015. Sitataja jina lake hapa, na jina hilo yeye hajawahi kulisikia. Mimi aliniita kwa kuvuta sikio la kushoto mara mbili. Ukikutana na kijana kiziwi wa Bujumbura, katika kambi hii au nyingine, mwoneshe alama hiyo. Akicheka, mlete studio.