Tatizo la utafiti

Tatizo la utafiti ni pengo la maarifa ambalo mtafiti amelitambua, akalieleza kwa maneno yanayoweza kupimwa, kisha akaonyesha kwa nini halifai kuachwa lilivyo. Katika tasnifu za vyuo vikuu vya Afrika Mashariki hukaa sura ya kwanza, baada ya usuli na kabla ya malengo na maswali. Baadhi ya tasnifu za Kenya huliita suala la utafiti na kuweka utetezi wake chini ya kichwa cha “sababu za kuchagua mada”. Huchukua aya mbili tatu tu, nazo huandikwa na kufutwa kuliko sehemu nyingine yoyote ya pendekezo.

Tatizo la utafiti si mada, wala si kero. “Ufundishaji wa fasihi simulizi” ni mada. Shule kukosa maktaba ni kero, na dawa yake ni kujenga maktaba; hapo hapana la kutafiti mpaka mtu aulize, tuseme, kwa nini wanafunzi wa shule mbili zenye vitabu sawa wanapishana mno katika kusoma. John Dewey, mwanafalsafa wa Marekani, katika kitabu chake cha mantiki cha mwaka 1938 alitenganisha hali yenye utata na tatizo lenyewe. Utata humkuta mtu. Tatizo hutengenezwa, na kulitengeneza tayari ni kazi ya uchunguzi.

Mfano mzuri ulianzia Lushoto. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa kidato cha tatu katika Shule ya Sekondari Magamba, alikuwa akitengeneza aiskrimu na wenzake. Desturi yao ilikuwa kuchemsha maziwa, kuyatia sukari na kuyaacha yapoe kabla ya kuyagandisha. Siku hiyo nafasi kwenye jokofu ilikuwa inakwisha, akayaingiza yangali moto. Baada ya saa moja na nusu hivi yake yalikuwa yameganda, ilhali ya mwenzake, ambaye hakuyachemsha kabisa, yalikuwa bado mazito tu kama uji. Mwalimu alimjibu kwamba amechanganya mambo. Baadaye alikuta wauza aiskrimu wa Tanga nao wakigandisha maziwa ya moto ili kuwahi.

Mpaka hapo ni kioja tu. Kiligeuka tatizo Mpemba alipokuwa katika shule ya Mkwawa, Iringa, akamuuliza Denis Osborne, mwanafizikia wa chuo kikuu cha Dar es Salaam aliyekuja kuzungumza na wanafunzi: vyombo viwili vyenye maji kiasi kilekile, kimoja nyuzi 35 za Selsiasi na kingine nyuzi 100, vikiingizwa kwenye jokofu, kwa nini cha nyuzi 100 huganda kwanza? Wenzake walicheka. Lakini tazama alichokifanya. Maziwa yameondoka, sukari imeondoka, suala la kuchemshwa na kutochemshwa limeondoka. Imebaki tofauti moja tu, joto la kuanzia. Osborne alirudi chuoni akaagiza jaribio lifanyike, na mwaka 1969 wawili hao walichapisha makala katika jarida la Physics Education.

Swali hilo lilijitetea lenyewe: lilipingana na matarajio ya fizikia ya darasani, liliwahusu watu waliokuwa wakipata riziki kwa kugandisha, na liliwezekana kujaribiwa kwa vifaa vilivyopo. Watafiti wengi hawana bahati hiyo, ndipo hukimbilia sentensi ya “hakuna aliyewahi kuchunguza jambo hili”. Sentensi hiyo haitoshi. Yako mengi yasiyochunguzwa kwa sababu hayana faida kwa yeyote. Wayne Booth, Gregory Colomb na Joseph Williams, katika The Craft of Research (1995), wanamtaka mwandishi aonyeshe gharama ya kutojua: ni jambo gani kubwa zaidi tutakaloendelea kulielewa vibaya swali hili lisipojibiwa? John Swales, aliyechambua utangulizi wa makala za kitaaluma mwaka 1990, alionyesha kuwa pengo halisimami peke yake; mwandishi kwanza huchora uwanja wa yaliyokwisha kusemwa, ndipo huonyesha palipo wazi. Kwa hiyo mapitio ya maandishi hutangulia tamko la tatizo, hata kama katika tasnifu yamepangwa nyuma yake.

Hata tatizo lililotetewa vizuri hulegea neno lake moja likiachwa bila fasili. Katika swali la Mpemba neno hilo ni “kuganda”. Osborne alipima muda mpaka maji yaanze kuganda. Mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden walipima muda mpaka maji yafike nyuzi 0, wakasema hawakuona ushahidi wa maana kwamba ya moto hutangulia. Waliongeza kwamba kusogeza kipimajoto kwa sentimita moja hivi kunatosha kuleta matokeo yanayofanana na ya Mpemba.