Mzururaji ni Nani?

Neno "mzururaji" halina kosa lolote ndani yake. Kuzurura ni kwenda huku na huko bila safari maalumu, jambo ambalo mtoto wa mkubwa hulifanya kila Jumapili kule ufukweni Oysterbay na watu wakaliita matembezi. Lakini likifanywa na kijana wa Tandika, Mbagala au Manzese, tena siku ya kazi saa nne asubuhi, hapo linageuka kuwa kosa la jinai. Nataka, ndugu msomaji, tulifuatilie neno hili tangu lilikotoka, maana sisi vijana wa pembezoni mwa jiji tumelirithi kama wenzetu wanavyorithi mashamba ya minazi.

Babu zetu waliokuja Dar enzi za Mwingereza waliitwa "wahuni". Siku hizi mhuni ni mtu wa fujo na bangi, lakini wakati ule ilitosha kuwa kijana uliyetoka bara, huna mwajiri anayejulikana, umelala kwa ndugu yako Kariakoo au Ilala na unasubiri bahati. Sheria ya Kanuni za Adhabu ya mwaka 1930 ikawa na vifungu vya watu wavivu, wakorofi na wazururaji. Vifungu hivyo Mwingereza hakuvitunga kwa ajili yetu. Alivitoa kwao. Mwaka 1824, baada ya vita na Napoleon, barabara za Uingereza zilijaa maskari walioachishwa kazi na maskini wasio na ardhi, na bunge la mabwana likaona dawa yao ni jela. Miaka mia moja na kitu baadaye dawa ileile ikapakiwa melini, ikateremshwa bandarini kwetu. Mwaka 1944 ikaongezwa nyingine, sheria ya kuwaondoa mijini watu "wasiotakiwa". Ukikamatwa huna kazi, unapandishwa gari au treni, unarudishwa kwenu. Wiki chache baadaye uko Kariakoo tena, kwa sababu huko ulikorudishwa kodi inakusubiri na hela hakuna.

Hayo ni ya mkoloni, na mkoloni hakuwahi kutuahidi uhuru wa kutembea. Kinachoniumiza kichwa ni yaliyofuata.

Uhuru ulipatikana 1961, na kama ilivyotazamiwa vijana wakaja mjini kuutazama. Sensa ya mwaka 1967 iliikuta Dar es Salaam ina watu 272,821. Ile ya 1978 ikaukuta Mkoa wa Dar es Salaam una watu 843,090. Hawa wote hawakuzaliwa Hospitali ya Muhimbili! Walikuja na vibegi vyao, wakajenga Manzese, wakajenga Keko, wakajenga Tandika, na serikali ikawa inawatazama kwa jicho lilelile la Bwana Shauri: hawa wanafanya nini hapa wakati jembe liko kijijini? Majina ya viongozi yalibadilika. Karandinga halikubadilika.

Tuanze na nguo, maana ndizo zilizowagusa vijana kwanza. Mwezi Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulipitisha azimio la kupiga vita sketi fupi, mawigi, dawa za kujichubua na suruali za kubana. Ikaitwa Operesheni Vijana, ianze rasmi tarehe 1 Januari 1969. Lakini wapo walioona Januari iko mbali. Siku chache baada ya tangazo, makundi ya vijana wa kiume yaliwavamia akina dada pale Kariakoo kwenye mabasi, wakawazomea na kuwachania nguo, hadi polisi wa kutuliza ghasia wakaitwa. Magazeti ya siku hizo yalijaa barua za wasomaji, wengine wakishangilia, wengine wakiuliza swali ambalo mpaka leo sijaona lilivyojibiwa: ikiwa mini ni ya Mzungu, suti na tai za waheshimiwa ni za kabila gani? Na kulikuwa na kioja kingine. Miaka hiyohiyo ya 1967 na 1968 serikali ilikuwa ikiwashurutisha Wamasai waache lubega zao na wavae suruali kama watu wa kisasa. Kwa hiyo Mmasai alikosea kwa kuvaa ya kwao, dada wa Magomeni akakosea kwa kuvaa ya wengine. Novemba 1969 ikaja zamu ya masikio: muziki wa soul ukapigwa marufuku Dar es Salaam, ambayo ilikuwa bado ndani ya Mkoa wa Pwani. James Brown hakupata barua. Walioipata ni vijana wa hapa waliokuwa wamemaliza wiki nzima ya kubeba magunia na walitaka kucheza Jumamosi.

Sisemi kwamba viongozi wale hawakuwa na hoja. Nchi ilikuwa na umri wa miaka saba tu, na mtu aliyeambiwa na mkoloni kwamba hana utamaduni ana haki ya kuwa mkali. Ila ukali wenyewe uliteremka ngazi mpaka ukamfikia yule asiye na wa kumtetea, ukaishia hapo.

Baada ya nguo wakaja kwenye miguu. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 watu wasio na kazi walichukuliwa mjini wakapelekwa ng'ambo ya Kigamboni, upande wa Temeke, kuanzisha kijiji cha ujamaa. Kijiji kikaitwa Gezaulole, jina la Kizaramo, maana yake "jaribu uone". Sijui kama kuna jina la kijiji linaloeleza siasa ya wakati wake vizuri zaidi ya hilo. Wapo waliojaribu wakaona, wakabaki na minazi na mihogo yao. Wengine walijaribu, wakaona, wakapanda mtumbwi kurudi mjini. Mwaka 1976 ikafuata operesheni nyingine, Kila Mtu Afanye Kazi, nayo ikapita kama mvua za vuli.

Sasa tufike 1983, mwaka ambao wazazi wetu bado wanautaja kwa jina moja tu: Nguvu Kazi.

Ili kuuelewa lazima ukumbuke hali ilivyokuwa. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikwisha vunjika 1977. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vilikuwa vimekomba hazina. Mafuta yamepanda, viwanda havina vipuri, sabuni ni ya kupanga foleni, sukari ya kupanga foleni, khanga ndiyo usiseme. Mshahara wa kima cha chini ulikuwa haumfikishi mtu katikati ya mwezi, hivyo kila nyumba ya Temeke na Kinondoni ilikuwa na mradi wake: mama anakaanga maandazi, baba akitoka kiwandani anashona viatu, kaka anauza sigara moja moja. Hii ndiyo iliyokuwa inailisha Dar es Salaam. Machi 1983 serikali ilianza msako wa wahujumu uchumi, na haukupita mwezi mzima Bunge likapitisha Sheria ya Nguvu Kazi. Sheria ilizitaka serikali za mitaa ziandikishe kila mkaazi mwenye uwezo wa kufanya kazi, na asiye na kazi apangiwe, ikibidi kwa kuhamishwa. Waziri Mkuu alikuwa Edward Sokoine, mtu ambaye hata waliokamatwa wakati wake hawamsemi vibaya, na hilo ni fumbo lake jingine.

Ugomvi ulikuwa katika kujua kazi ni nini. Kwa mwenye sheria, kazi ilikuwa ofisi, kiwanda au shamba. Mng'arisha viatu je? Hapana. Muuza karanga? Hapana. Mwuza samaki anayeamka saa tisa usiku kwenda feri? Naye alikuwa mashakani. Mwishoni mwa mwaka huo askari na mgambo waliingia mitaani, wakasimama kwenye vituo vya mabasi na masokoni wakidai vitambulisho. Aliyekosa akapandishwa karandinga, akaandikishwa, akasafirishwa vijijini au kwenye mashamba makubwa yaliyokuwa na upungufu wa vibarua. Watu wakajifunza kutembea kwa vichochoro. Mwenye kadi ya kazi aliilinda kuliko picha ya harusi yake. Na waliopelekwa? Huko walikopelekwa hapakuwa na nyumba wala pembejeo wala chakula cha kungojea mavuno, kwa hiyo wengi walirudi, kama babu zao wa 1944.

Lakini angalia maajabu ya historia. Mwaka huohuo wa 1983, serikali hiyohiyo ilikubali kwamba mabasi ya UDA yameshindwa kuubeba mji, ikaruhusu watu binafsi kubeba abiria. Nauli ilikuwa shilingi tano, sarafu ambayo watu waliiita dala, na magari yakapata jina: daladala. Nani walioyaendesha maisha ya magari hayo? Kondakta, mpiga debe, deiwaka anayeshika zamu mwenzake akienda kula, muuza maji kituoni. Yaani mkono mmoja ulikuwa unamtupa kijana wa kijiweni kwenye karandinga, na mkono wa pili unamfungulia mlango wa chai maharage aning'inie. Nguvu Kazi ikafifia ndani ya miezi. Daladala zikabaki.

Sokoine alifariki kwa ajali ya gari tarehe 12 Aprili 1984. Mwaka huohuo haki za binadamu ziliingizwa kwenye Katiba, ingawa mahakama zilizuiwa kusikiliza madai yake hadi 1988. Ukiisoma Katiba hiyo utakuta Ibara ya 17 inampa raia haki ya kwenda anakotaka nchini, halafu ukifika Ibara ya 25 unakuta kazi ni wajibu wa kila mtu. Kijana wa Temeke anaishi katikati ya ibara hizo mbili, na Kanuni za Adhabu zimekaa mlangoni.

Hapa naomba niingize langu dogo. Usiku mmoja nilisimamishwa na askari wawili nikitoka kwa mshikaji wangu, nikaulizwa yale matatu: unatoka wapi, unakwenda wapi, unafanya kazi gani? Mawili ya mwanzo nilijibu. La tatu nikasema, naandika hadithi. Walicheka sana, mmoja akaniuliza kama hadithi inavaliwa gwanda. Wakaniachia, lakini swali limebaki kwangu, na naamini limebaki kwa wengi mnaosoma kurasa hizi. Mtu anayeandika kuhusu mji atauona vipi kama si kwa kuzurura? Atajuaje Mtongani inavyonuka asubuhi, au lugha ya wapiga debe wa Mwenge? Kazi yetu sisi, kwa macho ya sheria, inafanana mno na kosa.

Miaka ya Mzee Mwinyi ilileta ruksa, mitumba ikatandazwa, machinga wakajaa, na 1994 Bara tukapata televisheni baada ya kuzitamani zile za Zanzibar kwa miaka ishirini. Wengi walidhani habari ya vipande imekwisha. La hasha! Desemba 2018 vilitolewa vitambulisho vya wajasiriamali wadogo, kila kimoja shilingi 20,000, na aliyekuwa nacho akaambiwa asibughudhiwe. Oktoba 2021 wamachinga wa Dar wakaondolewa barabarani, wenye vitambulisho na wasio navyo. Na tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi, jiji zima lilipewa amri ya kutotoka nje kuanzia saa 12 jioni, intaneti ikazimwa kwa siku kadhaa. Jioni ile hapakuwa na tofauti kati ya mtu wa Oysterbay na wa Mbagala. Wote, kwa saa hizo, kutembea tu kuliwatia hatiani. Tofauti ilirudi upesi, maana mwenye friji alikuwa na chakula, na anayekula alichouza leo hakuwa na kitu.

Kuna jambo moja ambalo magazeti hayakulipigia kelele. Desemba 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilitoa maoni kwamba sheria za uzururaji zinapingana na Mkataba wa Afrika, kwa sababu zinamwadhibu mtu kwa hali yake badala ya tendo lake, na ikazitaka nchi zizifute au zizirekebishe. Mahakama hiyo makao yake ni Arusha. Maoni hayo yalitolewa hapahapa nyumbani kwetu, siku chache tu baada ya kuanza kutumika kwa uamuzi wa Tanzania wa kuondoa ruhusa ya raia wake kwenda moja kwa moja mbele ya majaji hao.

Na Gezaulole? Wale waliofukuzwa mjini kwa kuwa hawahitajiki walikaa huko miaka thelathini, kisha mji ukawafuata wenyewe. Mradi wa Viwanja 20,000 ulioanza mwaka 2002 ulipima ardhi ya Gezaulole pia, na mwaka 2016 daraja la Kigamboni likafunguliwa. Siku hizi ukivuka huko utawakuta madalali chini ya miembe, vijana wasio na ofisi wala mwajiri, wanazunguka kutwa nzima na simu mkononi wakiwatafutia watu wa mjini mahali pa kujenga.