Makazi na ununuzi wa nyumba katika Kaunti ya Kisumu

Kisumu ni kaunti ya magharibi mwa Kenya, kando ya Ghuba ya Winam ya Ziwa Victoria. Sensa ya 2019 ilihesabu wakazi 1,155,574. Jiji lenyewe lilikua baada ya reli kufika ziwani mwaka 1901. Wengi mjini ni wapangaji, hasa Manyatta na Nyalenda. Milimani na vilima vya Riat ni vya wenye uwezo.

Anayenunua huku aulize kwanza kimo cha ardhi, bei baadaye. Uwanda wa Kano, mashariki mwa jiji, hupokea maji ya Mto Nyando, na masika yakizidi familia huhamia madarasani na makanisani. Mwaka 2020 ziwa nalo lilipanda hadi kimo ambacho hakikuwa kimeonekana tangu 1964, likafunika nyumba za ufuoni. Udongo wa Kano ni mweusi. Huvimba kwa mvua na kupasuka kwa jua, na ukuta uliosimamishwa juu ya msingi mfupi huanza kuonyesha nyufa kwenye pembe za madirisha. Hivyo kiwanja rahisi humgharimu mnunuzi kwa mawe, kifusi na zege. Riat ni mwamba, kuchimba ni kazi, lakini maji hayatuami.

Ushuru wa stempu ni asilimia 4 ya thamani mjini na asilimia 2 mashambani. Asiye raia hupata ukodishaji tu, usiozidi miaka 99. Shamba huhitaji idhini ya bodi ya kudhibiti ardhi, ambayo sheria inataka iombwe ndani ya miezi 6 tangu mkataba. Bila idhini hiyo mauzo ni batili.

Penye hatari kubwa zaidi ni mirathi. Vijijini, hatimiliki nyingi zingali na jina la babu aliyefariki, huku wajukuu wakiuza vipande kwa makubaliano yaliyoandikwa mbele ya mzee wa kijiji. Karatasi hiyo haihamishi umiliki: mahakama sharti iteue wasimamizi wa mirathi na kuthibitisha mgawanyo kwanza. Upekuzi katika ofisi ya ardhi utaonyesha jina la marehemu, lakini hautaonyesha makaburi. Kwa kuwa Wajaluo huzika nyumbani, mnunuzi hana budi kulitembea shamba pamoja na majirani na kuwauliza wajane na watoto wa kila nyumba kama wamekubali kuuza.