Kioo cheusi cha Kahama

Jumanne ya tarehe 14 Oktoba 2025 Tanzania ilikuwa mapumzikoni kwa Siku ya Nyerere. Siku hiyohiyo Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10, iliyokuwa sokoni tangu Julai 2015. Kwenye steshenari za Kahama, Katoro na Geita mjini, ambako kompyuta nyingi ni zile zilizokwishatumika Ulaya zikaletwa kama mitumba, hakuna aliyesikitika. Fundi mmoja wa Kahama, aliyeanza "kupiga Windows" miaka ambayo mgodi wa Bulyanhulu ulikuwa ndiyo kwanza unatoa dhahabu, anasema amekwisha kuzika Windows nyingi. Anachokumbuka kwa kila moja ni sura yake.

Tulichelewa kuanza. Kompyuta ya kwanza iliingia Wizara ya Fedha mwaka 1965, na mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuziingiza nchini. Windows 95 na rangi zake ilipotoka, huku kwetu barua za ofisi bado zilikuwa zinagongwa kwa taipureta.

Kwa fundi wetu historia inaanza na XP ya Oktoba 2001 na kile kilima cha kijani chini ya anga ya bluu. Picha hiyo aliipiga Charles O'Rear mwaka 1996 huko Sonoma, California. Katika mbuga kavu za Shinyanga ilionekana kama ahadi ya mvua, na fundi anasema wapo waliombishia kwamba pale ni Lushoto. Lakini haikudumu kwenye kioo cha mtu. Mteja akishalipia kupigiwa Windows, kazi ya pili ilikuwa kuwekewa picha yake: harusi, Simba au Yanga, basi jipya, au yeye mwenyewe na kofia ngumu mdomoni mwa duara la machimbo. Kitufe cha kuanzia kilibadilishwa rangi, vishale vya puku vikageuzwa farasi wanaokimbia. Kwa fundi mapambo hayo yalikuwa ndiyo sahihi ya kazi. Mashine iliyotoka kwake ilijulikana kabla hata hujauliza.

Ndipo kikaja kioo cheusi. Agosti 2008 Microsoft ilitoa sasisho la kunasa nakala bandia za XP Professional. Halikuzima kompyuta wala kugusa mafaili. Liliifuta picha ya nyuma na kuacha weusi mtupu. Ungeweza kuirudisha, lakini baada ya dakika 60 weusi ulirudi. China watu walikuja juu Oktoba ile, na mwanasheria mmoja wa Beijing akaishtaki kampuni hiyo kwa wizara inayosimamia polisi, akidai ni uvamizi. Kahama hakuna aliyekwenda polisi. Watu walibeba CPU zikiwa zimeviringishwa kwenye kanga, wakazipandisha kwenye boda na kwenda kwa fundi: kompyuta imeungua. Alipowaeleza kwamba mashine ni nzima ila Windows ni ya kuchakachua, wengi hawakutaka mhadhara. Walitaka picha irudi.

Fundi anakiri kwamba nakala zile zilikuwa za CD za kuchoma, na hajitetei. Kinachomkera hadi leo ni kilichofuata. Windows 7 ya Oktoba 2009 ilikuja na toleo dogo liitwalo Starter kwa ajili ya vilaptopu vya bei nafuu. Lilikuwa halali, limelipiwa, na bado halikuruhusu kubadili picha ya nyuma. Mwalimu aliyejinyima akanunua kilaptopu kipya dukani alikalishwa na nembo ya Windows, huku jirani mwenye nakala ya wizi akiwa na picha ya mwanawe kioo kizima. Hapo nipo upande wa fundi. Anayelipia ukuta ana haki ya kutundika picha.

Sura ya Kiswahili nayo ilikuwepo. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na wataalamu kutoka Sweden, kilitoa Jambo OpenOffice, na baadaye Microsoft ikatoa kifurushi cha bure cha Kiswahili kwa XP. Fundi anasema hakumbuki mteja aliyewahi kukiomba. Lawama hiyo naiweka kwa shule zetu na ofisi za umma, ambazo kila siku huhubiri Kiswahili na kuwasha kompyuta kwa Kiingereza.

Baada ya hapo mapambo yalihamia kwenye simu, na kijana wa leo hubadili mandhari ya Tecno yake bila kumlipa mtu. Windows 10 isiyosajiliwa hufunga ukurasa wa mapambo na kuandika pembeni ikikudai usajili, na watu wameizoea. Windows 11 inakataa mashine nyingi za zamani, na zile chache inazokubali huletwa na lalamiko moja: kitufe cha kuanzia kimehamia katikati. Fundi hufungua mipangilio, hukirudisha kushoto, na hiyo haitozi.