Korongo la Ol Njorowa, Hell's Gate

Kijito hiki chembamba sicho kilichochonga kuta hizi. Zamani sana, Ziwa Naivasha lilipokuwa kubwa na lenye kina kirefu kuliko leo, maji yake yalifurika kuelekea kusini, yakapasua njia kwenye miamba ya volkano. Baadhi ya tabaka ni majivu yaliyogandamana: pitisha kidole, kitabaki na vumbi.

Penye mteremko mkali watoto hushuka kwa matako, na kwa kweli hakuna njia bora zaidi. Mahali ambapo maji yanachirizika ukutani yakifuka mvuke, msiguse. Yanaunguza. Joto hilo hilo la ardhini ndilo linalozalisha umeme pale Olkaria tangu 1981.

Wazazi, tazameni mawingu, hata ya mbali. Mwaka 2012, na tena 2019, mafuriko ya ghafla yaliua wageni humu. Mvua si lazima inyeshe hapa; ikinyesha kwenye miinuko, maji huingia korongoni bila hodi. Kukiwa na dalili ya mvua, msishuke. Mkiwa mmeshashuka, mfuateni mwongozaji hadi njia ya kutokea iliyo karibu. Picha mtapiga siku nyingine.