Nzi wa Kwanza Hukatwa kwa Wembe

Wiki ya pili baada ya kuacha chuo nilienda kujificha kwa shosho, upande wa Othaya. Njia nzima kwenye matatu nilikuwa natayarisha majibu. Hakuniuliza hata swali moja. Alimaliza chai yake, akavuta mkebe wa biskuti kutoka chini ya kitanda, akaufungua. Biskuti hazikuwemo. Kulikuwa na vaisi ndogo ya chuma, rili za uzi mwembamba, ngozi ya shingo ya jogoo yenye manyoya yake, na ndoano ndogo sana, zile ambazo ukipumua vibaya zinapotea.

"Kaa hapa kwa mwangaza," akasema.

Kwa zaidi ya miaka 20 shosho alifunga nzi katika karakana moja Nairobi. Kama hujawahi kuwaona, hawa si nzi wa jikoni. Ni ndoano iliyovalishwa uzi, manyoya ya ndege na wakati mwingine nywele za mnyama, ili ikitua majini samaki adhani ni mdudu. Wazungu wanaovua samaki kwa burudani huwanunua kwa dazeni. Nilijua tangu utotoni kwamba hiyo ndiyo kazi iliyomsomesha mathee, lakini sikuwahi kuiona ikifanywa.

Nzi wangu wa kwanza alinimaliza nusu saa. Kichwa kilikuwa kikubwa kuliko mwili, uzi umelegea, manyoya yameangalia kila upande kama kitu kilichotolewa kwenye brashi ya nywele. Lakini nilimpenda. Nilikuwa nimekaa miezi bila kumaliza chochote. Nikampiga picha, nikaanza kutafuta mahali pa kumweka.

Shosho akanipa wembe. "Kata."

"Lakini shosho, huyu ni wa kwanza."

"Ndiyo nasema kata. Ndoano bado ni nzima."

Nikakata. Manyoya yakaanguka mezani, ndoano ikarudi kwenye vaisi, tukaanza upya. Tangu siku hiyo swali moja halijaniacha: nzi wa kwanza wa mtu huishia wapi?

Kwa mvuvi wa burudani, jibu ni rahisi. Kuna anayemchomeka kwenye kofia, na huko anakaa mpaka jua limpaushe rangi. Kuna anayemtupa mtoni siku hiyohiyo na kumwacha kwenye tawi la mti ng'ambo, mahali mkono haufiki. Mwenye bahati anashika samaki, kisha nzi anawekwa nyuma ya kioo na kutundikwa ukutani. Wote hao wana kitu kimoja: ndoano ni yao. Wameinunua wenyewe, na wakitaka kuiharibu ni shauri lao.

Ukirudi nyuma kwenye historia, mambo yanakuwa magumu. Karibu mwaka 200, mwandishi Mrumi aitwaye Aelian alieleza habari aliyoisikia kuhusu wavuvi wa Makedonia, kwenye mto Astraeus. Samaki wa huko walikuwa na madoadoa, na walipenda mdudu fulani anayeruka juu ya maji. Shida ni kwamba mdudu huyo akiguswa na mkono wa mtu anaharibika. Kwa hiyo wavuvi walizungushia ndoano sufu nyekundu, wakafunga juu yake manyoya mawili ya jogoo yenye rangi kama ya nta. Fimbo yao ilikuwa ya futi sita, na uzi urefu huohuo.

Haya ni miongoni mwa maelezo ya kale zaidi tuliyonayo kuhusu nzi wa ndoano. Angalia tulichobakiwa nacho: maneno. Nzi wenyewe hawapo, wala jina la aliyefikiria sufu kwanza halipo. Mwaka 1496, huko Westminster, mchapishaji Wynkyn de Worde alitoa kitabu kuhusu uvuvi wa ndoano ambacho kwa miaka mingi kimehusishwa na mtawa mmoja, Juliana Berners. Kimeorodhesha nzi 12, na cha kutumia mwezi gani. Hapo pia ni maneno. Manyoya huliwa na nondo, chuma huliwa na kutu, na samaki naye hukata uzi akaenda na mali yake. Hii ni kazi ambayo vitu vyake vimetengenezwa ili vipotee.

Mara mojamoja jina hubaki, na hubaki kwa sababu kuna mtu aliyejisumbua kuliandika. Mwaka 1878, John Haily, fundi aliyefunga nzi kwa malipo jijini New York, alichukua nzi wa siku nyingi aitwaye Coachman, akamfunga mkanda wa hariri nyekundu katikati ili asichakae haraka. Huyo akawa Royal Coachman, mmoja wa nzi mashuhuri zaidi Marekani. Tunamjua Haily kwa sababu Mary Orvis Marbury, aliyesimamia wanawake waliofunga nzi katika kampuni ya baba yake huko Vermont, alisimulia kisa hicho kwenye kitabu chake cha mwaka 1892. Wavuvi wengi wameshika samaki kwa nzi wa wale wanawake. Majina yao yako wapi?

Halafu kuna Megan Boyd, ambaye nikimsoma namwona shosho. Aliishi karibu na Brora, kaskazini mwa Uskoti, akifunga nzi wa samoni kwenye kibanda kando ya nyumba yake. Alianza akiwa msichana. Mwalimu wake alimpa nzi waliokwisha kufungwa, akamwambia awafungue, kisha atumie vitu vilevile kufunga wengine kwenye ndoano ndogo zaidi. Kwa hiyo mafunzo yake yalianza kwa kubomoa. Alikuja kuwa na wateja mpaka jumba la mfalme, na mwaka 1971 akatunukiwa nishani ya Uingereza. Kuvua kwenyewe hakuvua. Hakupenda kuua samaki. Alifariki mwaka 2001, na leo nzi wake wanawekwa kwenye fremu, ilhali yeye aliwafunga ili waende majini.

Sasa turudi nyumbani, maana mto Gura hauko mbali na mlango wa shosho. Unateremka kwa kasi kutoka Aberdare, milima ambayo wenyeji waliiita Nyandarua, na maji yake ni baridi ya kukata vidole. Zamani hapakuwa na trauti humo, wala mto mwingine wowote wa Kenya. Mwaka 1905, Ewart Grogan, yule mlowezi aliyejulikana kwa safari yake ya kutoka Cape mpaka Cairo, aliagiza mayai ya trauti wa Loch Leven, Uskoti, yakatiwa Gura. Miaka miwili baadaye, mwaka 1907, Grogan huyohuyo aliwachapa viboko hadharani wanaume Wakikuyu mbele ya mahakama Nairobi. Nayaweka mambo haya mawili pamoja kwa sababu ni mkono mmoja uliyafanya. Mwaka 1910 trauti wa aina nyingine waliletwa kutoka Afrika Kusini, na mwaka 1948 serikali ya kikoloni ikaanzisha kituo cha kuwazalisha huko Kiganjo.

Wakikuyu wengi wa enzi zile hawakula samaki. Kwa hiyo fikiria: samaki mgeni ameletwa kutoka mbali, awekwe kwenye mto wa watu wasiomla, ili mgeni mwingine apate burudani ya kumshika. Samaki huyo alihitaji nzi. Miaka ikapita, ukoloni ukaondoka, lakini kazi ya kufunga nzi ikabaki na kukua, na nzi waliofungwa Kenya wakawa wanasafirishwa Uingereza, Marekani na kwingineko. Wafungaji wengi walikuwa wanawake, kama shosho. Mayai yalitoka Uskoti yakaja huku. Nzi wakatoka huku wakaenda Uskoti.

Nilimuuliza shosho nzi wake wa kwanza alienda wapi. Alicheka. Wa kwanza alikatwa. Wa pili akakatwa. Wiki zote za mafunzo, jioni, wasichana walikaa na nyembe wakirudisha ndoano kuwa ndoano, kwa sababu zilihesabiwa asubuhi na kuhesabiwa tena kabla ya kwenda nyumbani. Malipo yalikuwa kwa dazeni, tena dazeni iliyokubaliwa. Nzi mmoja akiwa na kichwa kikubwa, dazeni nzima inarudi.

Hapo ndipo nilielewa kwa nini hakuniachia wangu. Nilikuwa nimemwona katili kidogo. Kumbe kwake yeye "wa kwanza" si cheo. Anayeweka nzi wa kwanza kwenye kofia ni yule ambaye ndoano haihesabiwi. Makumbusho na vitabu vimejaa kumbukumbu za watu wa kofia, na si kwamba walikuwa mafundi kuliko wengine. Walikuwa na nafasi ya kuweka walichoharibu.

"Sasa unakumbuka nini, shosho?"

Alifikiria. Akasema anakumbuka dazeni ya kwanza iliyokubaliwa. Walikuwa nzi weusi wenye mkia mwekundu. Mpaka leo vidole vyake vinajua zamu za uzi, ingawa macho yamechoka. Msimamizi aliwapindua mmoja mmoja kwa kalamu, akanyamaza, akawatia kwenye kisanduku. Pesa za dazeni hiyo na nyingine zilizofuata wiki ile zilimnunulia mathee viatu vya shule.

Nikampigia mathee simu usiku huo. Viatu anavikumbuka: vyeusi, vya kamba, vimezidi mguu kidogo ili akue navyo. Nzi hakuwahi kuwaona.

Huenda mmoja wao alishika samaki. Huenda mwingine alibaki kwenye mti wa Uskoti, ndoano ikala kutu taratibu, na mvuvi akavunja uzi akaenda zake bila kuwaza ni mkono wa nani ulifunga fundo lile. Shosho mwenyewe hajawahi kuvua trauti. Mto uko pale chini, lakini kuvua ni kwa leseni, na fimbo hana.

Nilikaa kwake mwezi mzima. Ndoano ileile ya siku ya kwanza nimeivalisha na kuivua mara nyingi, mpaka rangi yake imechubuka. Jana nilimpelekea nzi mwingine. Alimsogeza karibu na dirisha, akampindua kwa ncha ya kalamu, akamtazama muda mrefu.

Wembe haukutoka. Akamweka mezani, akasema, "Leta wengine 11."